Kuzirai si Uvivu: Mazoezi kwa Mfanyakazi Ambaye Damu Yake Haipandi Vizuri



Katika viwanda vya hapa Kigali, katika vituo vya kuoshea kahawa na katika mashamba ya chai, liko jambo linalowapata wenzetu wengi na ambalo hatulizungumzi. Mtu amesimama kazini, mara macho yanaingia giza, masikio yanavuma, jasho baridi linamtoka, na anaanguka. Baada ya dakika moja au mbili anazinduka, anawatazama watu waliomzunguka na kuona haya.

Halafu maneno yanaanza. Mmoja anasema ana mimba. Wa pili anasema ametupiwa uchawi. Wa tatu anasema alikunywa pombe usiku. Msimamizi naye anasema ni mvivu, anatafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Akianguka mara ya pili na ya tatu, kibarua chake kimo hatarini.

Makala hii inaeleza sababu moja kubwa ya kuzirai, nayo ni damu kushindwa kupanda kichwani mtu anaposimama. Tutaeleza pia mazoezi yanayosaidia, mambo ya kufanya ukiwa kazini, na wajibu wa chama. Haya hayachukui nafasi ya daktari. Ni ya kukusaidia umwendee daktari ukiwa unajua la kumwambia.

DAMU INAPOTEREMKA MIGUUNI

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 hivi. Ukiwa umelala, damu hiyo imeenea mwilini sawasawa, na moyo hauna kazi kubwa ya kuifikisha kichwani. Ukisimama, damu kati ya nusu lita na lita moja huteremka tumboni na miguuni, kama vile maji yanavyotafuta bonde.

Mwili wenye afya huliona jambo hilo mara moja. Mishipa ya damu hujikaza, moyo huongeza mapigo kidogo, na damu hupandishwa tena. Yote hayo hufanyika kwa sekunde chache, wala wewe huna habari.

Lakini moyo hausukumi damu peke yake. Ndani ya mishipa ya miguu inayorudisha damu mna vizibo vidogo kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Ukitembea, nyama za shavu la mguu hujikaza na kuikamua mishipa hiyo, damu ikapanda, na milango ikafunga nyuma yake isirudi chini. Ndiyo maana wataalamu huliita shavu la mguu moyo wa pili.

Sasa mfikirie mwenzetu anayepiga pasi katika kiwanda cha nguo. Amesimama pale pale saa nzima. Moyo wake wa pili umelala. Joto la pasi limepanua mishipa ya ngozi, na damu nyingi imekwenda huko. Asubuhi hakula, na maji anaogopa kunywa kwa sababu ruhusa ya kwenda chooni ni ya kugombania. Huyo hata akiwa mzima anaweza kuzirai. Je, mwenye ugonjwa wa mzunguko wa damu itakuwaje?

Mfikirie pia anayepalilia akiwa amechuchumaa. Akiinuka ghafla, presha ya damu hushuka kwa sekunde kadhaa kabla mwili haujajirekebisha. Kizunguzungu kile kinachokupata baada ya kuinuka ndicho hicho.

AINA ZA UGONJWA HUU

Ziko aina tatu zinazofaa kujulikana.

Ya kwanza ni presha kushuka mtu anaposimama. Madaktari husema mtu anayo kama namba ya juu ya presha inashuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama. Huwapata sana wazee, wenye kisukari, na watu wanaotumia dawa fulani, zikiwamo baadhi ya dawa za kuteremsha presha.

Ya pili ni mapigo ya moyo kwenda mbio mtu anaposimama, ingawa presha haishuki sana. Kwa mtu mzima, mapigo huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama. Huwapata zaidi wanawake vijana. Mgonjwa husikia moyo unadunda, anachoka, kichwa hakitulii, na dalili hizo hurudi kwa miezi. Ugonjwa huu huitwa kwa kifupi POTS. Wengine waliupata baada ya korona, ugonjwa ulioingia Rwanda mwezi Machi 2020.

Ya tatu ni kuzirai kwa kawaida, ambako neva hukosea hesabu: moyo hupunguza mwendo na mishipa hulegea kwa wakati mmoja. Huletwa na joto, kusimama sana, maumivu, hofu, au kuona damu. Daktari Mwingereza Thomas Lewis ndiye aliyeipa aina hii jina lake la kitabibu mwaka 1932. Askari wanaoanguka kwenye gwaride huwa na aina hii mara nyingi. Hakuna anayesema askari wale ni wavivu.

KUZIRAI KUNAKOTAKA DAKTARI UPESI

Kabla ya kuanza zoezi lolote, jiulize maswali haya. Je, ulizirai ukiwa katikati ya kukimbia au kubeba mzigo, na siyo baada yake? Je, kifua kiliuma? Je, moyo ulienda mbio au kuruka mapigo kabla hujaanguka, hali umekaa au umelala? Je, yuko ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Je, una mimba? Je, unaona choo cheusi, au unatokwa damu nyingi mwezini?

Likiwapo jibu la ndiyo hata kwa swali moja, usianze mazoezi. Nenda kupimwa kwanza. Moyo wenyewe unaweza kuwa na kasoro. Hapa kwetu wako watu wazima ambao milango ya moyo wao iliharibiwa na homa iliyofuata maumivu ya koo utotoni, wala hawakujua.

Vile vile si kila anayeanguka ana ugonjwa wa mzunguko wa damu. Upungufu wa damu, malaria, njaa na sukari kushuka huangusha watu. Kifafa nacho ni ugonjwa mwingine: mgonjwa hutetemeka kwa muda mrefu zaidi, aweza kuuma ulimi, na akizinduka hubaki amechanganyikiwa kitambo. Aliyezirai aweza kutikisika kidogo, lakini huzinduka upesi na kujua alipo. Na katika siku za maombolezo ya mwezi Aprili wako wanaoanguka kwa sababu ya ihahamuka, majeraha ya moyo ya mwaka 1994. Hao wanahitaji mshauri na mtu wa kukaa nao.

JINSI YA KUPIMWA

Kituo cha afya kina chombo cha kupimia presha. Mwombe muuguzi akupime umelala dakika 5, kisha akupime umesimama baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Kupimwa umekaa peke yake hakutoshi, kwani ugonjwa huu unajificha mtu akikaa.

Mapigo unaweza kuyahesabu mwenyewe ukiwa na saa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, uhesabu kwa dakika nzima ukiwa umelala. Kisha simama bila kutembea na uhesabu tena baada ya dakika 10. Awepo mtu karibu nawe, na ukisikia giza machoni lala mara moja. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nazo kwa daktari.

Mwenye mituweli aanzie kituo cha afya, apewe karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya ikihitajika. Asiyejua pa kuanzia amwulize mjumbe wa afya wa mtaani, umujyanama w'ubuzima. Katika Kigali, vipimo vya presha vya bure hufanyika pia Jumapili zile ambazo barabara hufungwa magari ili watu wafanye mazoezi. Desturi hiyo ilianza mwaka 2016.

KULALA KITANDANI SI DAWA

Aliyezirai mara mbili huogopa. Hupunguza kutembea, siku za mapumziko hulala kutwa, na ndugu humwambia, "Pumzika." Wanamwambia kwa upendo, lakini ushauri huo humdhuru.

Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, vijana watano wenye afya walikubali kulala kitandani wiki 3 mfululizo. Walipoinuka, nguvu zao za kufanya kazi zilikuwa zimeshuka vibaya sana. Watu wale wale walipimwa tena baada ya miaka 30. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wanaokwenda anga za juu nao hupatwa na hali kama hiyo: wakirudi duniani, wengine hushindwa kusimama bila kizunguzungu, kwa sababu mwili umesahau kupandisha damu.

Sababu ni hii. Mtu asiyetembea hupungukiwa damu mwilini, moyo wake hunywea, na nyama za miguu huisha nguvu. Akisimama anazirai, akizirai anaogopa, akiogopa analala zaidi. Mazoezi ndiyo yanayokata mzunguko huo, kwa kuongeza damu na kuimarisha moyo na miguu.

Mwingine atauliza: "Mimi nasimama kutwa na kubeba kikapu cha chai, mazoezi ya nini tena?" Swali lake ni la haki. Lakini kazi haikupimi. Inataka kilo zile zile, upo mzima au mgonjwa, liwe jua au mvua. Mazoezi huanzia pale mwili wako unapoweza, na huongezeka kidogo kidogo. Tena kusimama bila kusogea hakujengi miguu, hujaza damu miguuni tu.

MAZOEZI HATUA KWA HATUA

Siri ya mazoezi haya ni kuanzia chini. Mtu akianza kwa kukimbia mlimani atazirai na kukata tamaa. Anza ukiwa umelala, mahali ambapo damu haina bonde la kuteremkia.

Hatua ya kwanza, mwezi mmoja. Tandika mkeka, lala chali. Kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka 5, shusha. Fanya mara 10. Nyoosha mguu mmoja, uinue taratibu na kuushusha. Mara 10 kila mguu. Lala ubavu, inua mguu wa juu. Mara 10 kila upande. Kisha lala chali tena, uzungushe miguu hewani kama anayeendesha baiskeli. Anza kwa dakika 5 hadi 10, siku 3 kwa wiki, na kila wiki ongeza dakika chache mpaka ufike 20 au 30. Ukimaliza, kaa kwanza dakika 2 ndipo usimame.

Hatua ya pili, mwezi wa pili. Fanya mazoezi umekaa. Baiskeli inafaa sana, lakini usiende nayo barabarani wakati bado unazirai. Isimamishe kwa stendi imara, mwenzako aishike, uendeshe pale pale. Asiye na baiskeli akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mmoja, na ainue visigino na vidole kwa kupokezana. Fanya kwa nguvu ambayo bado unaweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Hatua ya tatu, mwezi wa tatu na kuendelea. Tembea. Kigali ni mji wa vilima, kwa hiyo tafuta kwanza mahali tambarare, kama barabara za mabondeni. Tembea dakika 10, kisha 15, kisha 30. Mlima uje mwisho kabisa. Yale mazoezi ya mkekani usiyaache.

Wiki za kwanza unaweza kujiona umechoka kuliko zamani. Wengi hupitia hapo. Siku hiyo punguza nusu, lakini usiache kabisa. Wengi huona nafuu baada ya miezi 2 au 3, siyo siku 2 au 3. Haba na haba hujaza kibaba.

Ziko kanuni tatu ambazo hazivunjwi. Kwanza, usisimame ghafla baada ya zoezi la nguvu. Nyama za miguu zilikuwa zikipandisha damu. Ukizisimamisha ghafla damu hubaki chini, nawe unaanguka. Endelea kutembea polepole dakika 5. Pili, usioge maji ya moto mara baada ya mazoezi. Tatu, kifua kikiuma au ukizirai katikati ya zoezi, acha na uende hospitali.

UKIWA KAZINI

Ukisikia dalili, usione haya wala usijikaze kiume. Una sekunde chache. Fanya mojawapo ya haya:

1. Pishanisha miguu ukiwa umesimama, ubane mapaja, makalio na tumbo kwa nguvu.

2. Shikanisha vidole vya mikono miwili na uvute kila mkono upande wake, au ufinye kitu kwa nguvu.

3. Ikizidi, chuchumaa au lala chini. Ukichuchumaa usiinuke mpaka giza limeondoka, na unapoinuka kaza miguu.

Mbinu hizi zimejaribiwa. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 223 waliokuwa wakizirai mara kwa mara. Kundi moja lilipewa mashauri ya kawaida tu, na nusu hivi wakazirai tena. Kundi la pili lilifundishwa pia kukaza misuli, na waliozirai tena walikuwa theluthi moja hivi. Bila sindano wala kidonge.

Kabla dalili hazijaja, mwamshe moyo wako wa pili. Kila dakika chache inua visigino na kushusha mara 20. Hamisha uzito toka mguu huu hadi huu. Mpanga kahawa mezani na mpiga pasi wanaweza kufanya hivyo bila kuacha kazi.

Na aliye katika hali ya kuzirai asipande ngazi, asisimamie mashine yenye visu au mikanda inayozunguka, asiendeshe pikipiki, mpaka daktari amruhusu.

MAJI, CHAKULA, CHUMVI NA MKAJA

Kunywa maji asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, na endelea kidogo kidogo mchana kutwa. Nusu lita ya maji ikinywewa kwa mara moja hupandisha presha kwa wagonjwa wengi ndani ya dakika chache, na yaweza kukusaidia hata saa moja. Inafaa kabla ya zamu ya kusimama, na kabla ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Usiende kazini na njaa. Lakini sahani kubwa ya ubugari kwa mara moja huvuta damu tumboni. Kula kidogo mara nyingi. Pombe, ikiwamo urwagwa, hulegeza mishipa na kukausha maji mwilini. Mwenye ugonjwa huu aiepuke.

Kuhusu chumvi, sikia vizuri. Madaktari huwaambia baadhi ya wagonjwa hawa waongeze chumvi. Lakini kwa watu wote kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au wa figo anaweza kudhurika. Usiongeze chumvi mpaka daktari akuambie wewe mwenyewe. Na anayetumia dawa za presha asiache dawa kwa sababu alizirai; arudi kwa aliyempa.

Soksi za kubana miguu husaidia, ila bei yake si ya kila mtu. Mama zetu wanaujua mkaja, kitambaa cha kufunga tumbo baada ya kujifungua. Kubana tumbo kwa kitambaa kipana kabla ya kusimama huzuia damu isijae tumboni. Usikaze mpaka ukashindwa kupumua, nao ufunguliwe wakati wa kulala. Mwenye mimba asifunge.

MWENZAKO AKIANGUKA

Mlaze chali, umwinue miguu juu ya kiti au gunia. Legeza nguo shingoni. Watu wasimzunguke, apate hewa. Usimkalishe wala kumsimamisha. Wengi humwinua haraka naye huzirai tena. Usimpe kinywaji kabla hajazinduka. Mwenye mimba alazwe kwa ubavu wa kushoto. Aliyelala asiyezinduka kwa dakika 2, au aliyeumia kichwa, au anayelalamika kifua, pigeni namba 912 mwite gari la wagonjwa. Akikosa pumzi kabisa, anzeni kumbana kifua mara moja huku mkimsubiri mganga.

KAZI YA CHAMA

Ndugu zangu, mazoezi ni juu ya kila mtu, lakini yako mambo ambayo mtu mmoja hayawezi. Huwezi kunywa maji kama hayapo. Huwezi kukaa kama hakuna kiti.

Tangu mwaka 2011 zimesikika habari za Kambodia, ambako wafanyakazi wa viwanda vya nguo wamezirai kwa makundi, mamia kwa mamia. Walipochunguzwa, yalitajwa joto, hewa mbovu, saa nyingi za kazi na chakula kidogo. Mmoja akianguka watu waweza kusema ni mgonjwa. Wakianguka mia, kiwanda chenyewe ndicho cha kupimwa.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake mahali pa kazi. Na mwezi Juni 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva uliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo tunapoomba haya hatuombi sadaka:

Maji safi ya kunywa karibu na kila mstari wa kazi, na ruhusa ya kwenda chooni bila matusi. Kiti au benchi kwa anayefanya kazi ya kusimama, apate kukaa kwa zamu. Hewa ya kutosha palipo na pasi, mvuke na majiko. Mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza katika kila zamu. Na mwenye cheti cha daktari apewe kazi ya kukaa, asifukuzwe.

Mjumbe wa chama katika kila sehemu aweke daftari. Kila anayezirai aandikwe tarehe, saa, mahali alipokuwa amesimama na kazi aliyokuwa akifanya. Jina libaki siri. Baada ya miezi michache daftari hilo litaonyesha kama watu huanguka mahali pamoja na saa moja. Hapo mjumbe ataingia ofisi ya mwajiri akiwa na hesabu mkononi, na hesabu ni vigumu kuiita uvivu.

Na wewe unayesoma haya, kesho ukimwona mwenzako amepauka na jasho linamtoka, usimcheke. Mwambie achuchumae, na mletee maji. Mashine itangoja dakika 5.